Bartholomeo na Maji ya Utupa

Ukifika kule juu Mgeta ukauliza nyumba ya Baba Rosa, hakuna atakayekusindikiza. Watakwambia panda tu, ukisikia harufu ya vitunguu saumu na pilipili inakukaba koo, piga hodi hapohapo. Utamkuta Bartholomeo Chiwanga uwanjani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anakoroga ndoo kwa kijiti huku anagombana na wadudu. "Leo mtanitambua," anawaambia. Wadudu hawajawahi kumjibu, naye hajawahi kuchoka kuwasemesha.

Mwenyewe si Mluguru, asikudanganye mtu. Kazaliwa upande wa Mpwapwa, kwa Wagogo, mahali ambapo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama. Ujana wake aliumalizia bondeni, kwenye shamba moja kubwa la miwa, katika kikosi cha kupiga dawa. Asubuhi bomba mgongoni, mchana bomba mgongoni, kitambaa mdomoni, na kitambaa hicho ndicho kilikuwa kinga yote. Makopo ya dawa yalichorwa fuvu la kichwa. Msimamizi wao akawaambia fuvu ni la kuwatisha wezi, wala wasijali. Basi wakawa hawajali. Mikono ikaanza kubabuka, kifua kikaanza kupiga filimbi, na siku moja Bartholomeo akakohoa mpaka akakaa chini katikati ya miwa akashindwa kuinuka. Alipopata nafuu akafunga virago arudi kwa mama yake.

Hakufika. Alikuwa stendi ya Msamvu anasubiri basi, pale mwanamke mmoja mnene mwenye viroba vya njegere alipomwita amsaidie kusogeza mizigo isikanyagwe. Akasogeza. Yule mwanamke akaitazama mikono yake, akaacha kuangalia njegere.

"Kaka, mikono imefanyaje?"

"Dawa, dada."

"Dawa gani hiyo inayoumiza?"

Bartholomeo akaeleza habari ya wadudu wa miwa. Angelina, ndilo jina la yule mwanamke, akasikiliza, kisha akacheka bila aibu yoyote. Akasema kwao milimani wanapiga dawa pia, tena kila wiki, maana kabichi bila dawa ni chakula cha viwavi. Ila wao wakishamaliza wananawa mikono hiyohiyo na kula ugali. Kama haamini, gari linapanda jioni, aje aone. Bartholomeo akapanda kwenda kuona tu, kisha aendelee na safari yake. Basi la Mpwapwa linamsubiri mpaka leo.

Sasa hapa lazima tuelewane, maana bila hili hutaona kilichomkondesha huyu mzee. Uluguruni ardhi si ya mwanaume. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, na ukoo unafuata mama. Mwanamume akioa anaweza kuhamia kwa mke, akalima shamba la kina mke, akajenga, akapanda migomba, akazeeka humo. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na anayesimamia mambo ya ardhi ni mjomba wao. Yeye baba ni mgeni. Mgeni anayeheshimiwa, anayeandaliwa kiti, anayepakuliwa nyama nzuri, lakini mgeni. Bartholomeo alilijua hilo tangu mwanzo wala halikumsumbua, kwa sababu Angelina alikuwepo. Walipata binti mmoja, Rosa, na hivyo ndivyo walivyoitwa, Baba Rosa na Mama Rosa.

Kazi waligawana. Mama Rosa ndiye aliyejua majani. Alipanda utupa kwenye kingo za ngazi za shamba, vile vichaka vyenye maua meupe ambavyo mpita njia hawezi kuvidhania chochote. Akachuma majani, akayatwanga, akayaloweka mpaka kesho yake, akayachuja kwa kitenge kilichochakaa, akakwangulia sabuni ya kipande ili maji yashike kwenye jani la kabichi maana lina utelezi. Vidukari aliwapelekea pilipili. Sota wanaokata miche usiku aliwamwagia majivu shinani. Mwarobaini haustawi kwenye baridi ile, kwa hiyo Rosa alipokua na kuhamia mjini Kihonda, akawa anawatumia majani kwa viroba kwenye malori yanayorudi tupu kutoka sokoni.

Bartholomeo kazi yake ilikuwa bomba. Alilibeba vizuri, mtu wa fani, anapuliza chini ya jani ambako viwavi wanajificha, hakuna mche anaouruka. "Mimi napika, wewe unapakua," Mama Rosa alikuwa akimtania. Akimaliza, anatua bomba barazani, anakuta chai. Mama Rosa anachukua bomba, ndoo na makapi, anapotea navyo nyuma ya nyumba, anarudi vimeoshwa vinameta. Miaka yote hiyo Bartholomeo hakuuliza vinaoshewa wapi. Mwanaume gani aliwahi kuuliza vyombo vinaoshewa wapi? Alikunywa chai yake.

Halafu Mama Rosa akaanguka. Presha, walisema hospitali, na hawakuwa na muda wa kusema zaidi. Wakamrudisha mlimani wakamzika kwenye makaburi ya ukoo wao, na Bartholomeo akabaki na nyumba iliyojaa watu, kisha nyumba yenye watu wachache, kisha nyumba.

Aliyemtia hofu ni shemeji yake. Dominiko, kaka wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo, naye anakaa chini kidogo ya shamba, mteremko huohuo. Mtu wa maneno huyo, mdomo wake haupoi. Tangu Bartholomeo apande mlima, hakuna siku Dominiko aliyompita bila kumchokoza: Mgogo wewe, maji haya unayaonaje, si unaogopa kuzama? Na Bartholomeo alimrudishia bila kubakiza, mashemeji wasipotaniana si mashemeji. Lakini baada ya mazishi Dominiko akaanza kumsalimia kwa adabu. "Habari za asubuhi, shemeji." Basi, anapita. Heshima hiyo ilimtisha Bartholomeo kuliko matusi yote ya mwanzo. Mtu anayekuaga ndiye anayekuheshimu namna hiyo.

Maana ilijulikana kwamba siku ya arobaini, baada ya sala na chakula, ukoo utakaa uzungumze shamba la Angelina. Rosa ndiye mwenye haki, lakini Rosa yuko Kihonda, ameajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti, mume huko, watoto huko. Na yupo Geofrey, mtoto wa dada mwingine wa Dominiko, kijana ana nguvu, kaoa juzi, hana pa kulima. Hakuna aliyemwambia Bartholomeo kitu. Ila watu walipita shambani polepole kuliko kawaida, wakitazama kama limemshinda.

Na Mpwapwa kulikuwa hakuna mtu tena. Mama alishafariki, ndugu wametawanyika. Angeambiwa aende kwao, asingejua agonge mlango gani.

Ndipo viwavi wakaingia kwenye kabichi. Tena si kabichi hivihivi. Ilikuwa miche aliyoipandikiza Mama Rosa kwa mkono wake, wiki ile ya mwisho, akiwa anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti yake mbaya. Sasa ilikuwa inafunga vichwa, na majani yametobolewa kama yamepigwa misumari. Bartholomeo akaamka asubuhi, akazungukia shamba, akarudi akakaa kwenye kinu. Majani alikuwa akiyaona yakitwangwa miaka nenda rudi. Akasema mwenyewe, hivi kweli nitashindwa na kutwanga?

Akachuma utupa. Akatwanga, akaloweka, na kwa kuwa hakujua kipimo, akazidisha. Akachuja, akatia sabuni, akabeba bomba. Kesho yake alipoinama kwenye kabichi ya kwanza aliwakuta viwavi wamelegea, wengine wananing'inia kwenye nyuzi zao hawana habari. Akapiga magoti palepale kwenye ngazi ya shamba. "Asante, Mama Rosa," akasema kwa sauti, na machozi yakamtoka, nayo hayakuwa ya uchungu.

Ila bomba na ndoo alikuwa ameshaviosha jioni ile ya kupiga dawa. Kule kwenye miwa walifundishwa hivi: bomba oshea kwenye maji yanayotembea, uchafu uende zake. Mfereji ulikuwa unapita juu tu ya nyumba, maji safi kutoka mlimani. Akaosha humo. Makapi ya utupa akayakung'utia humo. Yaliyobaki ndooni, rangi ya chai ya rangi, akayamwaga humo. Mtu huyu aliyeshika makopo ya fuvu ujana wake wote aliona haya ni majani tu. Na hili ndilo linalonikera kwa watu wengi, si yeye peke yake: ukiwaambia dawa ya asili, wanaona ni uji wa mgonjwa. Sasa kama hainyongi kitu, viwavi wamekufa na nini?

Mfereji ule ukitoka kwa Bartholomeo unakwenda moja kwa moja kwenye bwawa la samaki la Dominiko.

Bartholomeo alikuta watu wamesimama. Alikuwa anashuka na furaha yake kwenda kumwambia shemeji kwamba kabichi zimepona, akamkuta Dominiko ukingoni mwa bwawa, suruali imekunjwa magotini, na maji yamejaa perege walioelea, matumbo juu, midomo wazi. Wengine walikuwa bado wanazungukazunguka kilevi. Magreth, mke wa Dominiko, alikuwa amechutama anamgeuza mmoja kiganjani.

"Huu ni utupa," akasema. "Samaki wa utupa namjua mimi."

"Najua ni utupa," Dominiko akajibu. "Ninachotaka ni mwenye mkono."

Na wala hakuhitaji kufikiri. Siku chache nyuma alikuwa amegombana na Benedikto, jirani wa ng'ambo ya mfereji, kuhusu zamu ya maji. Walirushiana maneno mabaya mbele ya watu. Geofrey, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema hata yeye alimwona Benedikto juzi akizungukazunguka huko juu. Dominiko akashusha suruali, akafunga mkanda vizuri. Hakushika kitu mkononi, lakini kila mtu aliona anakokwenda na anavyokwenda.

Bartholomeo alikuwa bado na harufu ya utupa kwenye kucha. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Angekaa kimya tu, mambo yangekwenda upande wa Benedikto, wangevutana mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, na Jumamosi ya arobaini ingefika akiwa mtu safi mwenye kabichi nzuri. Aliliona hilo lote kwa mara moja.

"Shemeji," akasema. "Usiende. Ni mimi."

Dominiko akasimama.

"Nimepiga dawa kabichi za Mama Rosa. Nikaoshea bomba mferejini. Sikujua. Kwetu hatuna mto, shemeji, mimi habari ya utupa na samaki sijawahi kuisikia. Naomba unisamehe."

Ingekuwa zamani, kwa kosa la robo ya hilo, Dominiko angemsema mpaka jua lizame. Safari hii alimtazama, akatazama bwawa, akamwambia mkewe alete matenga. "Jumamosi ni arobaini ya dada yangu," akasema, si kwa Bartholomeo wala kwa mtu mwingine, akaingia majini kuokota samaki. Bartholomeo akataka kuingia amsaidie. Magreth akamzuia kwa mkono, polepole, akamwambia apumzike.

Alipanda kwake akatoa begi chini ya kitanda.

Rosa alipofika Ijumaa na kiroba cha mwarobaini begani, kwa mazoea tu, maana aliyekuwa akikipokea hayupo, alilikuta begi limesimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Hili la nani?"

"Marahaba mwanangu. Langu."

"Unakwenda wapi?"

"Bado nafikiria."

Akamsimulia. Rosa ana sura ya mama yake na subira ndogo kama ya mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: ina maana hujui mama alikuwa anaoshea wapi? Bartholomeo akatikisa kichwa. Rosa akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, wakapita choo, wakapanda kijia chembamba mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilicho mbali na mfereji. Ardhi inayokizunguka ilikuwa nyeusi, haioti kitu. Makapi ya miaka yalikuwa yamelundikana, ya juu makavu, ya chini yameshakuwa udongo. Pembeni kulikuwa na jiwe bapa la kusugulia, na dumu lililokatwa la kuchotea maji.

"Alikuwa anapandisha maji kutoka mferejini kwa hili dumu," Rosa akasema. "Anaoshea hapa, anamwaga hapa. Sisi watoto alitukataza hata kunawa miguu mferejini siku ya dawa. Kwa ajili ya samaki wa mjomba, na kwa watu wa chini wanaochota."

Bartholomeo alitazama ule mteremko. Mwanamke mnene, magoti mabovu, kila wiki, na ndoo huku na dumu huku, ili yeye akae barazani anywe chai na asijue. Hakuwahi kulalamika. Hakuwahi hata kusema. Alikaa juu ya lile jiwe akalia kwa sauti, na Rosa akamwacha alie, akaanza kufagia makapi kwa mguu.

"Nilimshukuru kwa vitu vyote," Bartholomeo akasema baadaye. "Chakula, mtoto, mikono yangu ilivyopona. Hiki sikuwahi kumshukuru."

"Basi mshukuru, baba. Si upo hapa."

Akamshukuru, hapohapo kwenye kichuguu, kwa Kigogo, lugha ambayo Rosa hakuielewa.

Jumamosi watu wakajaa. Katekista akaongoza sala, kwaya ikaimba, kisha akina mama wakaanza kupitisha chakula. Bartholomeo alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, karibu na njia, mahali pa mtu anayejua ataondoka. Sufuria likatua mbele yake, Magreth akafunua mfuniko. Ugali pembeni, na kwenye rojo la nyanya, perege. Wakubwa, waliokaushwa kwanza kwenye moshi, kisha wakaungwa.

Akatazama huku na huku. Watu wote walikuwa wanakula. Mzee Benedikto alikuwa anakula, tena anafyonza kichwa. Bartholomeo mkono ukamgoma. Alishaona mbwa akifa kwa kula panya wa shamba la miwa. Kilichouawa na sumu hakiliwi, hilo halihitaji kufundishwa.

Dominiko akaja akaketi mbele yake na sahani yake. Akamega samaki, akatia mdomoni, akatafuna taratibu huku anamwangalia.

"Mgogo wewe," akasema. "Sisi tumekula samaki wa utupa tangu tunatambaa. Ndio ulikuwa wavu wetu kule mtoni, kabla serikali haijatukataza. Kula. Umewavua mwenyewe."

Jamvi zima likacheka. Bartholomeo hakucheka, maana neno la kwanza ndilo lililompata. Hakuwa ameitwa hivyo tangu mazishi.

Kabla chakula hakijaondolewa, Dominiko akasimama kuusemea ukoo. Alisema shamba la Angelina ni la Rosa, hilo halina mjadala. Geofrey atapewa ngazi za upande wa juu zilizolala majani, na kama ana nguvu anazozisema, zitaonekana huko. Geofrey akacheka, akakubali. Halafu Dominiko akafika kwenye habari ya shemeji yake.

"Wapo waliosema arudi kwao. Msiwatafute, mmoja wao ni mimi. Nilisema dada hayupo, huyu atakaa na nani? Juzi nimekwenda nikaona kabichi zake. Ni nzuri. Lakini kabichi hata Geofrey atalima." Akajikuna shingo, mambo ya namna hii si ya mdomo wake. "Nilikuwa nakwenda kumvunjia Benedikto heshima mbele ya watoto wake. Kwa samaki. Huyu hapa angenyamaza, nani angejua? Na alikuwa anajua Jumamosi tunakaa kumjadili yeye. Rosa, mwanangu, unasemaje?"

"Baba anabaki, mjomba."

"Anabaki. Kwao ni hapa sasa, na mtu asimuulize tena kwao wapi." Dominiko akamgeukia Bartholomeo. "Na siku yako ikifika, shemeji, utalala kando ya dada yangu. Nimeshapaangalia. Pako mteremkoni, chini ya bwawa. Juu ya bwawa bado sijakuamini."

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Bartholomeo akanyoosha mkono kwenye sufuria, akachukua perege mmoja, akamega, akala huku machozi yanamdondokea kwenye ugali, akala mpaka ukabaki mwiba mtupu. Kisha akasogeza sahani kwa Magreth, akaomba aongezwe.